Kwa Nini Mpishi wa Tambi Haitiki Akiitwa

Zamani hizo, kabla samli haijatangulia maji chunguni, tambi zilikuwa hazipikwi, zilikuwa zinateswa. Zilitiwa kwenye maji baridi pamoja na samli, zikainjikwa, zikashikana donge moja la kukatwa kwa kisu. Watu walikula hivyo hivyo, lakini bibi harusi hakusamehewa. Sikukuu ya kwanza baada ya harusi alizipika kwa wakwe, na zikishikana, walisema mkono wake utaleta mafundo nyumbani. Alirudishwa kwao mpaka Idi nyingine.

Somoe aliyajua hayo vizuri mno. Dada yake Mwatime alirudishwa, na Idi nyingine ilipofika mume alikuwa keshaoa. Basi asubuhi ya Idi yake ya kwanza ukweni, wanaume wakiwa wameshakwenda kuswali, Somoe alisimama jikoni kwa mama mkwe wake, Bi Rukiya. Alimpenda mumewe. Hakutaka kurudi.

Aliweka samli chunguni, akamimina tambi, akachota maji kwa kata. Kata ikakwaruza mtungi mtupu! Wageni walikuwa wametawadhia maji yote, na kwa haraka yake chungu alikuwa ameshakiinjika. Tambi zikaanza kulia kwenye samli. Somoe akashika mwiko, akakoroga, maana kuziacha aliogopa na kuziepua aliogopa zaidi. Zikageuka rangi, zikawa za kahawia. Akajua kwisha habari yake.

Hapo ndipo Bi Rukiya alipomwita kutoka ukumbini. Akamwita tena. Kutomwitikia mkwe ni utovu wa adabu mkubwa, na Somoe alijua, lakini macho yake hayakubanduka chunguni. Akavuta birika la maji ya chai lililokuwa likichemka, akamimina maji kidogo kidogo huku anakoroga. Akatia sukari na iliki, akafunika, akasubiri.

Alipoandaa sinia, hakuthubutu kuinua uso. Bi Rukiya alichota kijiko, akakiinamisha. Tambi zikamwagika zimechambuka, kila uzi peke yake. Wageni wakasogea kutazama.

"Nimekuita mara mbili," alisema Bi Rukiya.

"Nisamehe, mama. Ningeitika, zingeungua."

Mama mkwe alitafuna taratibu, akachota tena. Somoe alihesabu nguo zake moyoni, azifunge vipi.

"Basi mwakani nikikuita," alisema Bi Rukiya, "usiitike vile vile."

Somoe alilia pale pale mbele ya wageni, na hakuna aliyemcheka.

Na tangu siku hiyo tambi hukaangwa kwanza, kisha ndipo zinapopewa maji ya moto. Hakuna tena mke anayerudishwa kwao kwa ajili ya chungu. Wanaorudishwa siku hizi wana makubwa yao. Kwa hiyo ukipiga hodi asubuhi ya Idi, harufu ya samli imejaa uani na mwenye nyumba haitiki, usinune. Kaa kibarazani usubiri. Mwenzio yuko na tambi, roho juu.