Ndoo ya Aliyekata Maji

Sekela alikuwa akimenya ndizi za jioni, mdogo wake Gwamaka akaingia uani mbio.

"Dada, maji yamekatika kijiji kizima! Zahanati kuna mama anajifungua, watu wanachota mtoni!"

Kisu kikasimama mkononi.

Mabomba ya kijiji hicho yalifungwa na kufunguliwa kwa amri zinazoandikwa kwenye kompyuta, na amri hizo zilielezwa katika mwongozo mmoja. Sekela, hodari wa kueleza, aliandika sehemu ya kwanza: kilichomo ndani ya mabano ya mraba unaweza kukiacha, kilichomo ndani ya mabano yenye ncha lazima ukijaze.

Gwamaka, mwepesi wa kazi, aliandika sehemu ya pili. Jina la mtaa, ambalo ni lazima, akalitia ndani ya mabano ya mraba. Aliona yanapendeza zaidi.

Atupele, mke wa Gwamaka, ndiye aliyekuwa zamu kwenye kompyuta siku hiyo, na sifa yake ni kufuata maagizo bila kukosea. Alitaka kufunga mtaa mmoja tu, bomba lake linalovuja lizibwe. Akaona mabano ya mraba, akaliacha jina. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo, na mitaa yote ikafungwa.

Sekela na Gwamaka walikimbilia ofisini wakaifungua mitaa, maji yakarudi. Mtoto alizaliwa salama, akaogeshwa kwa maji ya mtoni. Lakini mkunga akatuma neno: desturi ya kijiji ni ileile, aliyekata maji aingie zahanati kesho na ndoo ya maji kichwani mbele ya akina mama waliolazwa, aseme, "Ni mimi." Ndoo moja, mtu mmoja.

"Wewe ndiye uliyebonyeza," Gwamaka alimwambia mkewe jikoni.

"Nilibonyeza ulichoandika, bwana mapambo! Na wewe wifi, si ulizipitia kurasa zote kabla hatujapewa?"

"Nilizipitia."

"Hukuyaona hayo mabano?"

Sekela alikoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

"Niliyaona. Nilikuwa nimechoka. Nikasema watu wataelewa tu."

Akapakua ndizi, akaita watoto, akahesabu vichwa kama kila siku. Wote wapo. Watu wazima watatu walikula wakitazama sahani zao.

Haya, nyinyi mliokaa mkanisikiliza: kesho asubuhi, ndoo hiyo mngemtwisha nani?