Siku Wanyama Walipomshukuru Kiboko

"Paukwa."

"Pakawa."

"Niseme au ninyamaze?"

"Sema, masikio tunayo."

"Na mkiulizwa nani kasema?"

"Tutasema kasema mnyama."

Ahsanteni. Mkinijibu hivyo moyo wangu hutulia.

Basi, hapo kale palikuwa na bwawa, na bwawani alikaa Kiboko. Kiboko mnene, Kiboko mlafi, Kiboko mkuu wa nchi. Alikunywa maji, aliyaoga maji, alilala ndani ya maji, na bado aliona hayamtoshi. Akamwita Fisi, mgambo wake, akamtuma kutangaza sheria.

Fisi akapita akigonga kibuyu, ko, ko, ko.

"Sheria ya kwanza, haendi mnyama bwawani bila kibali. Ya pili, kibali kinatolewa bwawani. Ya tatu, wanyama watatu wakisimama pamoja kulalamika, hizo ni ghasia. Ya nne, anayetaka kumshukuru Mkuu aje muda wowote, aje na yeyote, aseme apendavyo. Atakayemkatiza anayeshukuru afungwe kamba."

Hiyo ya nne Kiboko aliiongeza mwenyewe. Alipenda sana kusifiwa.

Kiangazi kikaja. Asubuhi moja Bi Ngiri, mjane wa watu, akaona wanawe wanalamba udongo. Akawachukua, wakaenda kusimama mbali kidogo na maji. Akasema kwa adabu, "Mkuu, watoto wana kiu."

Fisi akawahesabu. Mama mmoja, mtoto wa kwanza, mtoto wa pili. Ghasia hizo. Akamfunga Bi Ngiri kwenye kisiki, na watoto wakabaki wakilia, kwii, kwii, kwii.

Pimbi akakisikia kile kilio. Pimbi ni yule mdogo wa kwenye mawe, hana mkia, hana pembe, hana ukoo wa kutisha mtu. Akamwendea Bi Ngiri.

"Mdogo wangu, mimi niache," Bi Ngiri akasema. "Ila hawa wasipopata maji leo, kesho sina watoto."

Pimbi akaitazama ile kamba. Kisha akauliza, "Dada, unajua kushukuru?"

"Nimshukuru nani, na kamba hii shingoni?"

"Kiboko."

Bi Ngiri akadhani jua limempiga mwenzake kichwani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Anayeshukuriwa hutoka, husimama nchi kavu, na kuwatazama machoni wanaomshukuru. Kupokea shukrani ukiwa umejilaza majini ni kuwaaibisha wazazi waliokulea.

Pimbi akakimbia, jiwe hadi jiwe, kichaka hadi kichaka. Jua halijafika utosini, bwawa likazungukwa na wanyama.

"Mkuu," Pimbi akaita, "tumekuja kukushukuru."

Kiboko akafurahi mpaka masikio yakacheza. Chubwi, chubwi, chubwi, akatoka majini, akasimama juani.

Swala akasema, "Asante, Mkuu, kwa kufunga bwawa. Tumekonda, sasa tunakimbia vizuri."

"Haya," akajibu Kiboko.

Pundamilia akasema, "Asante, Mkuu, kwa vumbi. Taabu ya kuoga imeisha."

"Haya."

Nungunungu akasema, "Asante, Mkuu, kwa sheria. Zamani tulikuwa tunaongea ovyo."

"Haya, haya."

Ndipo zamu ya Kobe ikafika. Mimi nikifika hapa huwa namshukuru Mungu kwa kumuumba Kobe.

"Asante... Mkuu," Kobe akasema. "Nitaanza... na babu yangu. Babu yangu... alipozaliwa..."

Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikaanza kupasuka, kwa, kwa, kwa. Jasho jekundu likamtoka mgongoni. Akainua mguu arudi majini.

Fisi akakohoa. "Mkuu, anayeshukuru hajamaliza."

"Mimi ndiye Mkuu."

"Ndiyo, Mkuu. Lakini sheria nchi nzima imeisikia, na kamba ninayo." Fisi naye hakuwa amekunywa tangu juzi. Hata mgambo alinyimwa kibali.

Kiboko akamgeukia Pimbi. "Wanyamazishe hawa."

"Nitafungwa, Mkuu. Tena nyuma ya Kobe yupo Konokono, naye ana mengi."

"Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu. Kutaka ni kulalamika. Sisi tunashukuru tu."

"Nikifungua bwawa?"

"Tutashukuru zaidi."

Kiboko akatetemeka mwili mzima. "Msishukuru. Bwawa nimefungua. Ngiri afunguliwe. Kusanyikeni mtakavyo, semeni mtakavyo, nitukaneni mkipenda. Ila kuanzia leo ni marufuku kunishukuru."

Tumbwi, akatumbukia. Kobe alikuwa bado hajamaliza ya babu yake.

Watoto wa Bi Ngiri wakanywa, gubu, gubu, gubu, mpaka matumbo yakawa duara. Mama yao akamfuata Pimbi na machozi usoni. "Asante, mdogo wangu," akasema mbele ya wote. "Asante, Swala. Asante, Kobe, na pole kwa kukatizwa." Fisi alisikia yote, akainamisha kichwa, akaendelea kunywa.

Hapo ndipo ngano yangu ilipolala. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.

Na funzo lake, watoto wangu, ni kutii sheria, hasa zile za kijinga. Wanyama hawa hawakuvunja hata moja. Basi na nyie msiandamane, msinung'unike. Shukuruni tu, wote kwa pamoja, bila kuchoka, mpaka mkubwa mwenyewe awaombe mlalamike.