Nani Amvike Hiyari Joho?

Haya, sogeeni, na mwenye simu aifunike kifudifudi. Leo sina jitu la kuwatisha wala sungura wa kuwachekesha. Nina watu watatu, joho moja, na binti mmoja ambaye mpaka naanza kusimulia hajui afanye nini. Tusaidiane.

Binti huyo ni Hiyari Shekalage, mwanafunzi wa uchoraji ramani katika Chuo cha Mlimapembe. Chuo hicho kimekaa juu ya milima miwili yenye bonde katikati, na kompyuta zake zilinunuliwa jinsi watu wanavyonunua viti vya harusi: vinavyopatikana, popote vinapopatikana. Ofisini kuna mashine za Windows. Kwenye chumba cha ramani kuna za Linux. Ng'ambo ya bonde, kwenye chumba cha uchapaji, kuna za Mac. Zote zinahifadhi kazi kwenye ghala moja, lakini kila aina inaandika kwa mtindo wake nani ameingia, saa ngapi, na amefanya nini.

Ofisini alikuwepo Madam Elinaike. Kipaji chake ni uvumilivu. Mpe uzi uliojisokota, atakaa nao mpaka unyooke, na hatamtukana mtu.

Chumba cha ramani kilikuwa cha Kaniki, mtu wa vicheko. Kipaji chake ni kurahisisha mambo. Mwanafunzi akiingia pale ameshika kichwa, anatoka ameshika tumbo kwa kucheka, na somo amelielewa.

Uchapaji ulikuwa wa Mwalimu Sheiza. Huyo kipaji chake, kama tukiite kipaji, ni kutokubali. Hukai kwenye mashine yake bila kuingia kwa jina lako, na huinuki bila kutoka. Ukienda chooni, toka. Ukirudi, ingia upya. Hata Mkuu wa chuo alipokwenda kuchapa barua aliulizwa, "Jina lako?" Wanafunzi wakamwita hivyo hivyo, Jinalako, na yeye alijua, na aliumia kidogo, lakini hakubadilika.

Kwa Kaniki mambo yalikuwa kinyume. Pale, kuifunga mashine na kumwacha mwenzako aanze kuingia upya kwa jina lake ilionekana ni uchoyo. Ulikuwa unainuka, unamwachia kiti na mashine ikiwa wazi kwa jina lako, na mwenzako anasema asante. Ndio ustaarabu wao. Hiyari naye alikuwa mstaarabu.

Sasa basi. Alhamisi moja, mahafali yakiwa yamekaribia, darasa zima la ramani lilifungua ghala na kukuta kazi zao za mwisho hazipo. Zimefutwa. Watu walishika vichwa, na safari hii Kaniki hakuwa na kichekesho cha kuwapa.

Mkuu wa chuo, Bi Nakijwa, akamwambia Madam Elinaike atazame mashine ya chumba cha ramani inasemaje. Madam akatazama, akaleta mstari mmoja: jina, Hiyari, kitendo, kufuta, siku, jana, saa, 8:10.

"Saa za mashine," akasema Bi Nakijwa. "Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane. Hiyo ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Hiyari, jana saa mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Chumba cha ramani, Mkuu."

"Umekaa kwenye mashine?"

"Ndiyo, Mkuu. Lakini sijafuta kitu."

Alisema kweli, na ukweli wenyewe ndio uliomkaanga. Aliambiwa asubiri kikao cha nidhamu, na kwamba mtu aliyefuta kazi za wenzake havai joho, anafungasha. Kazi zenyewe zilirudishwa kutoka kwenye nakala ya zamani, kwa hiyo wenzake walipona. Aliyebaki kwenye moto ni yeye. Nyumbani mama yake alikuwa amekwisha shona kitenge cha sherehe, na bibi yake alikuwa ameanza kuuliza gari linaondoka saa ngapi. Hiyari akashindwa kuwapigia. Alikaa bwenini akiitazama simu, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Sikilizeni sasa walichofanya wale watatu.

Madam Elinaike ndiye aliyeupeleka ule mstari kwa Mkuu, na machozi ya yule binti yalimkaa rohoni. Hakuna aliyemtuma, lakini alikusanya kumbukumbu za mashine zote, za aina zote tatu, akazipanga zisomeke kwa mtindo mmoja. Si kazi ndogo hiyo. Alikunywa chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Ndipo akaona ajabu: kwenye chumba cha ramani, kila siku, mtu wa kwanza anaingia saa nane za usiku, na wa mwisho anaondoka saa sita mchana. Saa nane za usiku! Mlango una kufuli, na mlinzi ana mbwa asiyejua utani. Akajisemea, hapa hakuna wachawi, hapa kuna saa mbovu. Akahesabu. Ilikuwa nyuma kwa saa sita kamili.

Kwenye kikao akayasema hayo. "Mkuu, ile 8:10 si asubuhi. Ni saa nane na dakika kumi mchana."

Bi Nakijwa si mtu wa kukurupuka. "Nimekusikia, Madam. Lakini mimi nitajuaje kwamba saa hiyo na kumbukumbu zake hazikuchezewa, na mtu anayemhurumia huyu binti?"

 

Kaniki alikuwa amekaa pembeni, jibu analijua. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na aliyepaswa kuutia saini upya ni huyo huyo Bi Nakijwa. Wala hakuna aliyekuwa akimtazama. Angenyamaza, kikao kingeisha na yeye angerudi kwenye vicheko vyake. Akasimama.

"Ni mimi, Mkuu. Tangu mwaka wa masomo uanze. Wanafunzi wapya walikuwa wanachanganyikiwa, wanaona mashine inasema kumi na nne wakati tumewaambia mtihani ni saa nane. Nikaona nizirudishe zisome saa kama tunavyozisoma sisi. Ikisema nane, ni saa nane. Watoto walifurahi."

"Kaniki! Umeiwekea kompyuta saa ya Kiswahili?"

"Nimeiwekea, Mkuu. Na mtindo wa kuachiana mashine wazi, nao nimeulea mimi. Ninyooshe mkono mara mbili?"

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akajikohoza. Bi Nakijwa hakucheka. Akamgeukia Hiyari. "Haya, tuseme ni mchana. Jina bado ni lako. Saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa Mwalimu Sheiza, Mkuu. Nachapa kadi za mahafali."

"Nani alikuona?"

Hapo Sheiza akainua kichwa. "Mimi sikumbuki dakika za kila mtu, Mkuu. Wanafunzi ni wengi. Lakini mashine zangu zinakumbuka." Akasoma: Hiyari ameingia kabla ya saa nane, ametoka, ameingia tena muda mfupi tu baadaye, na kadi zimechapwa moja baada ya nyingine mpaka saa tisa na nusu, zikiwamo zile dakika ambazo kule ng'ambo kazi zilikuwa zinafutwa. "Alipotoka pale katikati alikwenda chooni. Aliporudi alininunia kwa sababu nilimwambia aingie upya." Akakunja karatasi. "Bonde hili halivukwi kwa muda wa kwenda chooni."

Hiyari alikumbuka. Siku ile alimnunia kweli, na moyoni alimwita jina baya kuliko Jinalako. Sasa alitamani kumbusu mikono.

Aliyefuta alijitokeza mwenyewe, kijana aitwaye Hoza, machozi na kamasi pamoja. Alikalia kiti alichoachiwa na Hiyari, mashine ikiwa wazi, akadhani yuko kwenye jina lake, akafuta kile alichodhani ni takataka zake za zamani, kumbe ni folda ya darasa zima. Hakusema mapema kwa sababu aliogopa. Alisamehewa baada ya kusemwa vizuri. Kaniki akapewa barua ya onyo, na mkataba pia, kwa mpangilio huo. Na saa zikarekebishwa.

Hiyari akapiga simu nyumbani. "Mama, kitenge kisikunjwe. Njooni."

Sasa mnadhani hadithi imeisha? Ndiyo kwanza imefika nilikotaka.

Mlimapembe wana desturi yao. Siku ya mahafali hupandi jukwaani ukiwa umevaa joho. Unakwenda nalo mkononi, limekunjwa, unamkabidhi mtu mmoja wa chuo, naye anakuvika mbele ya wazazi. Mmoja tu. Huwezi kuvikwa na watatu kama godoro linaloingizwa kwenye foronya.

Siku yenyewe, wakisubiri zamu, mama yake Hiyari akasema, "Madam Elinaike. Alikesha na jambo lako bila kutumwa."

"Ndiye aliyekupeleka kwenye moto kwanza," akasema bibi. "Mpe yule mchekeshaji. Alihatarisha mkate wake kwa ajili yako."

"Bibi, lakini saa aliiharibu yeye!" akasema Hiyari.

"Na ndiyo maana ilikuwa vigumu kusema."

Hoza, aliyekuwa amewabebea viti, akatia neno. "Mimi ningempa Jinalako. Bila zile kumbukumbu zake, saa ingesahihishwa na Hiyari bado angefukuzwa."

"Lakini hakufanya kwa ajili ya Hiyari," akasema mama. "Ndivyo alivyo tu, kwa kila mtu."

"Ndiyo," akasema Hoza. "Kwa kila mtu, na kila siku, na tunamnunia."

Hiyari akalichukua joho lake. Jina lake lilikuwa linaitwa.

Amepanda ngazi, joho mkononi. Watatu wamekaa mstari mmoja. Madam Elinaike anatabasamu, ameshavika wengi, na kila mwaka analia. Kaniki anakonyeza, lakini mguu wake hautulii. Na Mwalimu Sheiza, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kuombwa na mwanafunzi hata mmoja amvike, anatazama viatu vyake. Amevaa tai mpya.

Mmoja alitafuta, mmoja alisema, mmoja alikuwa ameshatunza. Toa yeyote kati yao, na joho hilo lingebaki dukani. Hiyari amesimama mbele yao, na mimi nimemwacha hapo kwa sababu sijui.

Wewe uliyekaa hapo mbele, usitazame chini. Mabega ni ya Hiyari, joho ni moja. Ungempa nani alishike?