Kiboko Aliyechoshwa na Shikamoo

Zamani hizo, watoto, wanyama walikuwa na nyumba, majirani na maneno mengi, kama nyinyi mnaosukumana hapo nyuma. Kaeni vizuri basi, nasimulia.

Kiangazi kilikuwa kikali, na maji yalibaki katika bwawa moja tu. Mzee Kiboko, mtawala wa nchi ile, akajitumbukiza humo, pwaa, akasema bwawa ni lake peke yake. Wanyama wakaenda wote kulalamika. Akapiga marufuku mikusanyiko, na Fisi, askari wake, akawatawanya kwa rungu.

Mama Pimbi, mnyama mdogo wa kule kwenye mawe, alirudi nyumbani akamkuta mwanawe midomo imempasuka kwa kiu. Alilia kwa uchungu. Kisha akafuta machozi, akapita nyumba hadi nyumba.

"Kiboko ana sheria nyingine," aliwaambia majirani. "Kila anayepita bwawani lazima amwamkie. Basi kesho twende tukamwamkie, mmoja mmoja, kwa adabu."

"Kwa adabu? Huyu?" akauliza Nyati, aliyekuwa akitaka vita.

"Kwa adabu mpaka ajute."

Asubuhi Mama Pimbi akatangulia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia Kiboko, raha imemjaa. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila watoto wana kiu."

Akapita. Nyuma yake alikuwapo Swala, na baada ya Swala, Ngiri na mkewe na wanawe wote, kila mmoja na shikamoo yake. Kiboko akizama, blubu, akiibuka anamkuta Twiga kainamisha shingo anangoja kuitikiwa. Na waliokwisha kupita walizunguka kilima, wakarudi kupanga foleni upya.

Sasa mnajua wenyewe, mkubwa asipoitikia shikamoo anakuwa kichekesho. Hata nyinyi mngemcheka, msijifanye. Basi Kiboko hakula wala hakusinzia. Jua likamchoma kichwa, sauti ikamkauka ikawa inakwaruza kama mlango mbovu.

"Fisi," akakoroma, "wakamate hawa."

"Kwa kosa gani, mzee? Hawajakusanyika. Kila mmoja kaja kivyake kukuheshimu."

"Nimesema wakamate."

Fisi akaitazama foleni, haina mwisho. Akamwona mkewe mle ndani, kambeba mtoto. Akaweka rungu chini taratibu, akaenda kusimama mbele ya bwawa.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Na wangu wana kiu."

Hapo Kiboko akaishiwa nguvu kabisa. Askari wake naye kaingia foleni, sasa atamtuma nani?

"Marahaba," akanong'ona. "Basi, nimekoma. Bwawa ni la wote. Kunyweni, ila naomba msiniamkie tena leo."

Wakanywa, gluu gluu gluu. Kiboko akajikunyata pembeni kwenye matope, amenuna. Mtoto wa Pimbi alikunywa mpaka tumbo likamtuna, kisha akainua kichwa akamwona mzee, akafungua mdomo amwamkie.

"Wewe kunywa," mama yake akamwambia. "Heshima tumeshampa ya kumtosha."

Ndiyo hivyo, watoto wangu: umma ukishikamana na kutumia akili, rungu hukosa pa kupiga.