Wadogo Waliolala Njiani

Hadithi, hadithi! Kila jioni hadithi, na vyombo hakuna aliyeosha. Haya, kaeni. Atakayesinzia nitamfinya.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiazimana moto na chumvi, enzi nzuri hizo, mtu hafungi mlango, walipiga kura kwa kuinua mikia, wakamchagua Kiboko kuwa mkuu. Kuchaguliwa tu, akalizungushia bwawa la wote miiba. Akaacha kijia kimoja, hichohicho cha sokoni, na penye maji akamweka Nyati alinde.

Bi Pimbi, mdogo kama kiatu, alikuwa na mwana aliyepasuka midomo kwa kiu. Alikwenda barazani kwa Kiboko mara tatu.

"Mzee, tunaomba maji."

"Fuateni utaratibu. Hamnitaki, subirini uchaguzi."

"Uchaguzi ni mvua saba zijazo! Mwanangu hafiki keshokutwa!"

"Utaratibu, mama!"

Bi Pimbi hakulia. Asubuhi, Kiboko akiwa malishoni, akawakusanya wanyama wadogo wote na watoto wao, wakalala kwenye kijia, ubavu kwa ubavu.

Kanga akaja na sinia la vitumbua kichwani.

"Enhe! Mmekufa au mmelewa? Nipisheni, sokoni wananingoja!"

"Hupiti, shoga."

"Mimi nimewakosea nini?"

"Hukukosea kitu. Ila ukipita wewe, na Kiboko atapita."

"Na vitumbua vyangu vikichacha, utavila wewe?"

Roho ilimuuma Bi Pimbi, maana Kanga naye ana watoto. Lakini hakuinuka. Kanga akatukana weee, kisha akatua sinia, akakaa.

Jua likapanda. Kiboko huyo, tii! tii! tii! Ngozi inamwasha, anataka maji.

"Pisheni! Nitawakanyaga!"

"Kanyaga, Mzee. Waliokupigia kura wanatazama."

Kweli, Tembo, Twiga na Punda walikuwa wamesimama kando. Kiboko akajikunja, akaruka. Puu! Upande wa pili.

"Ameturukia watoto!" Bi Pimbi akapiga kelele. "Watadumaa hawa! Rudi ulikotoka!"

Siku hizo mila ilikuwa mila. Nyati mwenyewe akamzuia kwa pembe. "Mzee, nakuheshimu, lakini mtoto aliyelala harukwi. Rudi uwaruke tena, uwaondolee balaa."

Akarudi. Puu! Akajaribu tena. "Rudi!" Puu! Kufika adhuhuri ngozi imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Bi Pimbi, mwanangu, naungua!"

"Fuata utaratibu, Mzee."

"Yalaa! Chukueni maji! Chukueni bwawa zima!"

Basi jueni: ukimzibia masikio aliyekuchagua, ana haki ya kukuzibia njia.

Kiboko aliing'oa ile miiba yote kwa meno yake, ufizi ukivuja damu. Na vitumbua vya Kanga, vilivyokwisha kuchacha, akavinunua sinia zima, akavila palepale mbele ya watu, hadi cha mwisho.