Kicheko cha Evanthia

Moyo wenye kijicho haungoji kukosewa ndipo uchukie. Kumwona tu mwenzake akitabasamu kunautosha. Ndivyo walivyotuachia wahenga katika ile methali yao kuhusu hasidi, na atakayebisha na asikie kisa cha Stathis Kalamaris wa Athene.

Stathis hakukosa kitu. Baba yake alikuwa wakili mwenye jina, nyumba yao ilikuwa Kolonaki, mtaa wa matajiri, na shahada ya uzamivu katika uhusiano wa kimataifa aliipata angali kijana mbichi. Taasisi moja ya utafiti ilipotangaza ufadhili wa mwaka mmoja kwa wasomi na wanadiplomasia chipukizi, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza. Ya pili ilimwangukia Evanthia Magou, binti wa mpiga mbizi avunaye sifongo baharini kutoka kisiwa cha Kalimnos, aliyekuwa ameanza kazi Wizara ya Mambo ya Nje. Wawili hao walisoma chuo kimoja, na enzi hizo waligawana hata mkate wa ufuta mlangoni pa maktaba.

Katika taasisi Stathis alipewa chumba cha kazi kipana, chenye dirisha linalotazama kilima cha Akropoli. Evanthia alipewa kijichumba cha uani, kilichojaa harufu ya samaki wa kukaanga kutoka mgahawa wa jirani. Hata hivyo, saa ya kahawa ilipofika, watafiti wote walijibana humo humo uani. Kicheko cha Evanthia kilipopenya ukutani, maneno ya kitabu yalimtoka Stathis kichwani kama maji kwenye pakacha.

Siku moja alimlalamikia mama yake kwamba msichana yule anajipendekeza kwa watu. Mama, aliyekuwa akichambua mboga, alimwuliza msichana huyo amemchukulia kitu gani. Stathis akakiri kwamba hajamchukulia kitu.

"Sasa mwanangu, wewe kinakuuma nini?"

Akasukuma sahani, akatoka.

Majira ya kuchipua, kila mtafiti aliwasilisha kazi yake. Stathis alipigiwa makofi marefu. Evanthia alieleza jinsi wavuvi wa Ugiriki na wa Uturuki wanavyosuluhishana wenyewe baharini pale serikali zao zinaponuniana, naye akapigiwa makofi, japo mafupi kidogo. Stathis aliyasahau yake siku ile ile. Ya mwenzake yalimganda masikioni kama ulimbo.

Kesho yake aliingia kwa mkurugenzi, Bi Ourania Delivoria, balozi mstaafu. Akashusha sauti, akasema habari za utafiti wa Evanthia hazipatikani mahali pa wazi. Kwamba yeye mwenyewe alimwona Evanthia akinakili nyaraka za siri za wizara. Ulikuwa uongo mtupu, na kwa mwanadiplomasia, tuhuma kama ile ni kisu shingoni.

Evanthia alizuiwa kuingia kazini. Wizara ikamwita, ikamhoji, ikamrudia tena. Kule Kalimnos, baba yake aliacha kwenda kwenye mkahawa wa bandarini, maana kila alipoingia watu walinyamaza. Stathis, kwa upande wake, alifanya kazi katika ukimya aliokuwa akiutamani, lakini hakuandika hata ukurasa wa maana.

Wachunguzi walisikiliza sauti ambazo Evanthia alizirekodi kwa manahodha wa pwani zote mbili. Kila neno la utafiti wake lilikuwamo humo, limetoka vinywani mwa wavuvi. Akasafishwa jina.

Bi Ourania akawaita wote wawili ofisini, akamweleza Evanthia tuhuma zilitoka kwa nani. Stathis alitazamia matusi, na pengine angeyafurahia, kwani yangempa sababu ya kumchukia. Lakini Evanthia alizungumza taratibu.

"Stathis, nilikukosea wapi? Niambie tu, kama ni kweli nikuombe radhi."

Stathis akafikiri. Chumba kizuri kilikuwa chake. Nafasi ya kwanza ilikuwa yake. Makofi marefu, jina la baba, vyote vyake. Alipekua moyo wake kama mtu aliyepoteza ufunguo, asione kitu.

"Hujanikosea," akasema mwishowe. "Ulikuwa unacheka tu."

Bi Ourania alimtazama, si kwa hasira bali kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha akamwambia ufadhili wake umekoma, akusanye vitabu vyake.

Evanthia alimaliza mwaka wake, akapelekwa ubalozi mdogo wa Izmir, Uturuki. Stathis alikwenda kufanya kazi kwa baba yake. Siku moja karani wa pale, mwanamke mpole ambaye hawakuwahi hata kuzozana naye, aliletewa maua kwa sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Akacheka kwa furaha, akawagawia wote peremende. Stathis aliipokea yake, akashukuru, na papo hapo akahisi kijicho kile kile kikimwamka.

Yule karani alikuwa amemtendea nini? Hakuna. Ama kweli, hasidi hana sababu.