Sekunde Moja ya Makapi

Hapo zamani, na msidhani zamani ya majitu. Zamani ya mwaka juzi tu, watu wana simu mfukoni na akili wameziacha nyumbani, palikuwa na chuo cha sanaa. Chuoni hapo alikuwapo Mwalimu Lubango, aliyefundisha kutengeneza katuni kwa kompyuta. Ndani ya somo lake kulikuwa na kazi ya chembe. Moshi ni chembe, vumbi ni chembe, mvua ni chembe. Unaiambia kompyuta zitokee wapi, ziende kasi gani, ziishi muda gani, nayo inazimwaga kwa maelfu.

Mwalimu Lubango alifundisha theluji. Muhula mzima, theluji! Wanafunzi jasho linawachuruzika mpaka kwenye kope, yeye anawaangushia theluji. Mtu akiuliza, "Mwalimu, na vumbi letu je?" anajibu, "Kitabu kinasema theluji."

Basi likaja tangazo. Studio ya mjini inataka mwanafunzi mmoja. Mmoja, si wawili. Atafundishwa mwaka mzima, kisha ataajiriwa. Wanaotaka walete katuni fupi ya kazi yoyote ya nyumbani. Na kwa kuwa chuo kizima kilikuwa na kompyuta nne zinazowaka, wanafunzi wakapangwa watatu watatu.

Mwanafunzi mmoja aitwaye Sikudhani aliposoma tangazo lile, moyo ulimruka. Alikuwa muhula wa mwisho. Mbele yake palikuwa na steshenari ya mjomba wake, akae humo achape barua za watu wengine za kuomba kazi, mpaka azeeke. Akapangwa na Deusdedit na Ramla. Wakachagua kumwonyesha mama anapepeta mchele.

Deusdedit alikuwa mhitimu wa video za mtandaoni. Kitufe gani asichokijua? Kwa siku tano alimchonga mama, akamvisha khanga, akampa ungo, akatoa ndani ya ungo chembe elfu arobaini. Wakabonyeza. Mchele na makapi vikapaa pamoja kama nzige, vikapotelea juu ya paa.

"Deus," akauliza Ramla, "mama huyu anapepeta au analipua?"

"Nyinyi hamuelewi. Huo ni msukumo."

"Basi msukumo wako umetunyima wali."

Wakatazamana. Hapo ndipo aibu ilipojitokeza: wote watatu walikuwa wamekula wali tangu watoke meno, na hakuna aliyewahi kushika ungo. Mchele wao ulitoka dukani, kwenye mfuko. Deusdedit akasema atatafuta video. Sikudhani akamsonya, akaenda jikoni kwa Mama Chausiku, mpishi wa chuo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chakula bado."

"Sikuja kula. Nifundishe kupepeta."

Mama Chausiku alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Hivi huko ndani mnasomea nini?"

Alasiri ya kwanza, nusu ya mchele ililiwa na kuku. "Usirushe kama unamfukuza mbwa," mama alimkemea. "Inua, kisha vuta kwako kidogo. Mchele mzito, utarudi. Makapi hayana kwao, yatafuata upepo."

"Na upepo ukigeuka?"

"Utayala, mwanangu. Geuza uso."

Alasiri ya pili akayala. Alasiri ya tatu akageuza uso. Ndipo akarudi kwenye kompyuta, akazigawa chembe mafungu mawili: mchele akaupa uzito, makapi akayapa wepesi. Akaweka upepo unaogeuka katikati, na mama akamgeuza uso. Wakabonyeza. Mchele ukarudi ungoni kwa adabu, makapi yakaenda zake.

"Umebadilisha namba mbili tatu tu," Deusdedit akasema.

"Namba hizo ulikuwa nazo wewe. Mbona hukuzibadilisha?"

Kazi ikawa nzuri, lakini ikawa imepooza. Programu ile ina namba ya bahati: ukiibadilisha, kila chembe inaruka njia nyingine. Ramla akakaa chini, akajaribu namba moja, akatazama, akaandika daftarini. Akajaribu ya pili, akatazama, akaandika. Wenzake wakamcheka. "Karani huyo!" Ramla akaendelea kuandika. Siku nne alijaribu namba mia mbili na kumi na mbili, akachagua moja, akauhifadhi mruko wake picha kwa picha ili usibadilike tena.

Siku ya kuonyesha, Bi Thekla akafika kutoka studio. Mwalimu Lubango akawahi mbele na koti lake.

"Hawa nimewafundisha mimi."

"Umewafundisha nini?"

"Misingi."

"Ipi?"

"Ya... theluji."

Bi Thekla akamwomba apishe, maana alikuwa ameziba kioo cha kompyuta. Akaitazama katuni mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudisheni. Hapo!"

Upepo ulikuwa unageuka. Makapi yakajikunja hewani kama shuka linalokung'utwa, mama akageuza uso, akachelewa kidogo tu, na kapi moja likamtua kwenye kope.

"Namtaka aliyefanya sekunde hii. Nani?"

"Mimi!" wakasema wote watatu.

Deusdedit akasema, "Mama nimemchonga mimi, ungo wangu, chembe nimezitoa mimi. Bila mimi hawa wangepepeta hewa."

Sikudhani akasema, "Bila mimi mama yako angekuwa bado analipua paa. Upepo ule nimeuweka mimi, uso ule nimeugeuza mimi, na makapi nimeyala mimi."

Ramla akasema, "Na kapi la kwenye kope? Deus hukulichora, Siku hukuliamuru. Mimi nimeliona kati ya mia mbili. Na kama kiti cha studio ni cha anayejua kupepeta, mwiteni Mama Chausiku."

"Kuliona si kulifanya!" Sikudhani akawaka. "Aliyeokota yai hakutaga."

"Na kuku aliyetaga hajui lipi ni viza."

Bi Thekla akaweka fomu mezani. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina. "Nakwenda kunywa chai. Nikirudi nataka jina moja. Mkiniletea mawili, nafasi nampa mwanafunzi wa chuo kingine."

Wakabaki watatu. Deusdedit, mdomo usiojua likizo, akamsukumia Sikudhani fomu. "Andika wewe. Mimi nikiandika nitajiandika."

"Na mimi pia," akasema Ramla. "Andika unaloamini, Siku. Hatutabisha."

Sikudhani akashika kalamu. Kumbe kuaminiwa kunauma kuliko kutukanwa! Kama wangembishia, angejiandika haraka na roho yake ikatulia.

Sasa nyinyi mnaosikiliza, msiniletee hekima za chapati, eti wagawane, kiti hakikatwi. Wala asiniambie mtu eti wote wameshinda, hayo wanaambiwa watoto wa chekechea. Mmoja alizitoa chembe, mmoja alizipa tabia, mmoja aliichagua sekunde. Chai ya Bi Thekla inakaribia kuisha, na wino umeshagusa karatasi.

Je, aandike jina la nani?